Makopo Yaliyosogea

Jumapili iliyopita tulialikwa chakula kwa rafiki wa mume wangu, na tulipomaliza kula mwenyeji wetu aliingia chumbani akatoka na bunduki ya upepo. Ameinunua karibuni, kibali chake anacho, alitaka tu tuione. Wanaume wawili wakaiinamia pale mezani kama watu wanaotazama mtoto mchanga. Mimi nilikuwa nakusanya sahani. Harufu ya mafuta ya mashine iliyochanganyika na ya chuma na ubao iliponifikia, niliziweka sahani chini nikatoka nje, nikaizunguka nyumba ya watu mara mbili bila kujua natafuta nini.

Njiani kurudi mume wangu akaniuliza, "Wewe umekulia kwenye nyumba yenye kitu kile. Inafaa kweli mtu kuwa nayo, kwa kujifurahisha tu, au ni kujitafutia mzigo?"

Nikamwambia nitamjibu. Tangu siku hiyo nimefua mapazia yaliyokuwa safi, nimelihamisha kabati kutoka ukuta huu kwenda ule, kisha nimelirudisha. Nikikaa nainuka. Sijamjibu bado, kwa sababu jibu lenyewe si ndiyo wala hapana. Jibu ni ule mwaka wa baba yangu na makopo.

Tuliishi Mkonze, wakati huo nyumba zikiwa bado chache na nyuma ya uwanja wetu kukiwa na miiba mitupu hadi kwenye korongo. Baba alikuwa dereva wa ofisi moja mjini. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mgogo wa vijijini aliyekulia kwenye uwele na mtama. Mimi nilikuwa mtoto pekee, darasa la tatu, na nilibeba jina la bibi mzaa baba, Chiku, kwa hiyo baba hakuniita jina. Aliniita mama.

Bunduki aliachiwa na mhandisi wa barabara, mgeni ambaye baba alimwendesha kwa miaka mitatu. Mhandisi alipokuwa anafungasha vitu vyake kurudi kwao alimwambia baba kwamba zawadi ya saa kila mtu anatoa, yeye angempa kitu alichokipenda mwenyewe. Baba alihangaika na karatasi za kibali mwezi mzima, na zilipokamilika akaileta nyumbani ndani ya sanduku refu la mbao lenye kufuli. Haikutumia baruti. Uliukunja mtutu kwa chini mpaka springi ya ndani ikakaza, ukaweka risasi moja, kidude cha madini laini ya kijivu kilichobanwa kiunoni kama nyigu, ukaurudisha mtutu, ukalenga. Mlio wake ulikuwa mdogo, kama mtu aliyefunga kitabu kikubwa kwa hasira.

Mama hakuipenda tangu siku ya kwanza, na hakuficha.

"Kwelea kwelea hawaiogopi. Mwizi haimtishi. Nyama haituletei," alisema huku akikoroga mlenda. "Sasa kazi yake nini humu ndani?"

"Inanituliza," baba akajibu.

"Hata kupalilia kunatuliza."

Baba akacheka. Lakini ilikuwa kweli, na hata mimi niliiona. Baba hakuwa mtu wa kukaa. Alikuwa anainuka katikati ya ugali kwenda kuangalia kama geti limefungwa, akirudi anainuka tena kwenda kuangalia maji. Akisikiliza redio, mguu unacheza. Pale korongoni tu, kitako cha bunduki kikiwa begani, ndipo mwili wake wote ulipotulia hadi nikasikia nzi. Nilipofikisha miaka tisa akaanza kunichukua. Kila Jumamosi asubuhi, kabla upepo haujaamka, tuliteremka na mfuko wa makopo ya nyanya na ya maziwa ya unga, tukayapanga juu ya jiwe, ukuta wa korongo ukiwa nyuma yake ili risasi isiende mbali.

"Kiumbe hai hakilengwi," aliniambia. "Si ndege, si mjusi. Na mtutu unatazama chini mpaka uwe tayari. Haya, vuta pumzi. Itoe nusu. Hiyo nusu iliyobaki ibebe kama umebeba maji."

Ningemwambia mume wangu habari za nusu hiyo ya pumzi kama ningejua namna ya kuisema. Mtoto hana vitu vingi anavyovitawala. Yale makopo matano niliyatawala. Kopo likiruka na kuviringika kwenye mchanga, nilijiona mtu mzima, na baba akisema "vizuri, mama," siku hiyo hata kuosha vyombo kulikuwa kutamu.

Tulianza kwa hatua thelathini. Nazijua kwa sababu nilizihesabu mimi, nikirefusha miguu ili zilingane na zake. Halafu kiangazi kilipoingia, Jumamosi moja baba akasimama mapema. "Leo tusimame hapa." Nikahesabu, ishirini na tano. Baada ya majuma kadhaa zikawa ishirini. Kisha kumi na tano. Hakueleza, nami sikuuliza, maana nilikuwa na maelezo yangu tayari. Baba ameona silengi vizuri, ananihurumia, anayasogeza makopo.

Kulikuwa na jambo jingine. Kila nilipofyatua, baba aliniuliza, "Imepiga?" Kopo limekwisha kuanguka, linaviringika mbele yetu, naye anauliza, "Limeanguka?" Niliamini ananipima kama nasema kweli. Mara mbili tatu nilikosa kabisa, nikasema, "Limeanguka, baba." Akaitikia, "Vizuri, mama." Nikaona aibu iliyonipanda hadi masikioni. Nilijua anajua kwamba nadanganya, na kwamba ameamua kuninyamazia. Ilinichoma kuliko fimbo. Nikaanza kuzichukia Jumamosi, na wakati huohuo juma zima nikawa nazingoja, nikirusha mawe kwenye nguzo ya kamba ya nguo kila nikitoka shule, mawe ishirini, thelathini, mpaka mama anifokee niache kelele.

Siku moja baba alinipitisha Kizota, kwa fundi wake wa kuchomelea, Fundi Mrisho. Alikuwa rafiki yake wa zamani, mtu mfupi mwenye miwani ya giza iliyokaa juu ya paji la uso muda wote. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanipa kigoda nikae nje ya karakana. Ndani kulikuwa na mashine ya kukatia chuma. Ikilia huwezi kusikia kitu, ikinyamaza unasikia hata kikohozi. Kwa hiyo nilisikia vipande.

"Mabamba yawe mapana kama sahani ya wali," alikuwa anasema baba. "Uyapake rangi nyeupe. Yakipigwa yalie."

"Kwani makopo yamekuwaje?"

Mashine ikalia. Iliponyamaza Fundi Mrisho ndiye aliyekuwa anazungumza, kwa sauti ya chini.

"Huyo ni mtoto wa jicho, ndugu yangu, wala usijidanganye. Mpeleke Mvumi wakamtoe, yaishe."

"Na akitolewa mambo yakaharibika?"

"Wanatolewa kila siku pale."

"Nyumbani wasijue kwanza," akasema baba. Kisha mashine ikalia tena.

Nilikaa juu ya kile kigoda nikitazama cheche zikiruka mlangoni. Leo kila msomaji anajua fundi alisema nini. Lakini mimi nilikuwa na miaka tisa na sikuwahi kulisikia neno hilo. Nililijua neno mtoto. Mtoto wa shule ni yule anayesoma. Mtoto wa kambo ni yule aliyekuja na mama mwingine. Mtoto wa jicho, basi, ni yule ambaye jicho lake halifai, anayesogezewa makopo na bado anakosa, anayetengenezewa shabaha pana kama sahani. Na Mvumi nilikujua. Dada wawili wa jirani walipelekwa kusoma huko bweni, wakawa hawaonekani mpaka likizo. Wakamtoe. Nilielewa kwamba nitapelekwa nikatolewe, ama jicho, ama mimi mzima kutoka nyumbani kwetu. Sikujua lipi. Nilichojua ni kwamba mama hajui na hatakiwi kujua.

Jioni hiyo mama aliuliza mbona sili. Nikasema tumbo. Kwa siku nyingi zilizofuata sikuweza kutulia mahali. Darasani mwalimu alinihamisha dawati mara mbili kwa sababu ya kutikisa miguu. Nilikuwa nafumba jicho moja, nasoma ubaoni, nafumba la pili, nasoma tena, na yote yalisoma sawasawa, lakini hilo halikunifariji. Niliona labda ugonjwa wenyewe ndivyo ulivyo, wewe ndiye wa mwisho kuujua.

Sahani za chuma zilipokuja, nne, nyeupe, zimening'inizwa kwenye fremu, baba aliziweka hatua kumi. Zilipopigwa zililia vizuri ajabu. Hapo baba hakuuliza tena kama imepiga. Alisikia mwenyewe. Mimi nikafikiri amechoka kunisikia nikidanganya.

Siku niliyoamua, mama alikuwa bado shuleni na baba kazini. Darasa letu lilitoka mapema. Ufunguo wa sanduku ulitundikwa kwenye msumari nyuma ya kalenda, na baba aliamini mimi sijui. Mpango wangu ulikuwa rahisi. Ningelenga peke yangu kila siku mpaka nisikose hata moja, kisha Jumamosi ningemwomba baba turudi hatua thelathini, kwenye makopo, naye angeona, na habari ya Mvumi ingekufa kimyakimya.

Korongoni, mbele ya zile sahani, kuukunja ule mtutu peke yangu ilinibidi nikae chini, nibane kitako kwa magoti na kuvuta kwa mikono yote miwili. Upepo wa mchana ulikuwa umeshaamka na vumbi linapita korongoni. Risasi ya kwanza ilikosa. Ya pili ikalia, nikasikia furaha. Nilitaka niisikie tena na tena, bila kukatika. Kwa hiyo nikafanya kilekile nilichokuwa namlaumu baba kwa kukifanya. Nikasogea. Hatua nane. Hatua sita. Hakuna aliyewahi kunieleza kwamba chuma kigumu kikipigwa kwa karibu, risasi inaweza kurudi kwa aliyeituma.

Sikuhisi maumivu. Nilihisi kama mtu amenigonga kwa kidole chini ya jicho la kulia, halafu upande ule wa dunia ukawa mwekundu.

Sijui nilipanda vipi hadi nyumbani. Nakumbuka gari la ofisi likiingia, maana siku nyingine baba alipita kula mchana, na nakumbuka aliposikia nikilia aliacha mlango wazi na injini ikinguruma. Akapiga magoti mbele yangu.

"Wapi, mama? Wapi? Ni wapi?"

Damu ilikuwa inachuruzika hadi kwenye kola ya sare yangu nyeupe, naye anauliza wapi. Aliushika uso wangu kwa mikono yote miwili, akaupapasa kwa vidole, paji, pua, shavu, mpaka kidole kikagusa jeraha nami nikapiga kelele. Ndipo alipojua. Hata hilo sikulielewa. Nilifikiri ni hofu.

Zahanati waliosha jeraha, wakaweka pamba na plasta juu ya jicho lote, wakasema haraka iwezekanavyo tufike Mvumi, kwa sababu kule wana wataalamu wa macho. Mvumi. Nililia hadi nikakosa sauti. Tukampitia mama shuleni, akatoka na chaki mkononi, akaingia akanipakata. Baba akaondoa gari.

Barabara ya Mvumi siku hizo ilikuwa ya vumbi tupu, na mbele yetu kulikuwa na lori. Jua limepiga kwenye lile vumbi, kioo kizima kimekuwa cheupe kama maziwa. Baba aliegemea usukani, shingo ameinyoosha kama kuku anayesikiliza. Mara mama akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Baba Chiku, mtu."

Breki. Kioo cha pembeni kikagusa kitu, gari likayumba, likasimama. Mama akaruka chini, nami nyuma yake nikiwa nimeshika kanga yake. Mtu wa makamo alikuwa amesimama kando ya barabara, baiskeli yake imelala, gunia la mkaa limepasuka. Hakuumia. Alijipangusa taratibu, akamtazama baba.

"Mzee, hukuniona?"

"Nilikuona," akasema baba.

"Uliniona ukanifuata?"

Baba aliinama. Akaanza kuokota mkaa. Mama alisimama akimtazama, na mimi kwa jicho langu moja nilimwona mama anamtazama. Baba alikuwa anaokota yale mapande makubwa tu. Madogo aliyaacha, mkono unapita juu yake.

Tulipoomba radhi na kurudi garini, mama alikaa kitako mbele kabisa, mkono mmoja kwenye dashibodi. Hakumgombeza. Alisema tu, "Nenda polepole. Nitakwambia." Na njia nzima iliyobaki akamwambia. "Kulia kuna shimo. Ng'ombe mbele, simama. Wamepita. Sasa tunaingia mchangani, shika katikati. Mwanamke na ndoo, kushoto." Baba alifuata kila neno. Nilihisi jasho la mama kupitia gauni lake.

Mtaalamu wa macho alikuwa mwanamke mtu mzima mwenye mikono baridi. Aliondoa pamba, akamulika, akachunguza muda mrefu. Risasi ilikuwa imepiga juu ya mfupa, upana wa kidole chini ya jicho. Ilichana ngozi, haikugusa kingine. Wakanishona. Kisha akanisimamisha mbele ya ubao wa herufi, nikasoma mstari kwa mstari, jicho hili, jicho lile, hadi ule wa chini kabisa wenye herufi kama chawa.

"Huyu anaona kuliko mimi," alimwambia mama. "Mshukuruni Mungu, mwende nyumbani."

Nikasema, "Kwa hiyo hamtaniacha hapa?"

Mama akageuka. "Nani akuache?"

"Fundi Mrisho alisema mimi mtoto wa jicho. Akamwambia baba anilete Mvumi nitolewe, na wewe usijue." Nilipoanza sikuweza kusimama. Nikawaeleza makopo, hatua thelathini, ishirini, kumi, nikaeleza kwamba nilidanganya yameanguka, kwamba nilikuwa najifunza ili nisikose tena. "Nitalenga vizuri," nikamwambia baba. "Naona mpaka chini. Umesikia mwenyewe nimesoma."

Mama aliweka kiganja juu ya mdomo. Mtaalamu alinitazama mimi, akamtazama mama, mwisho akamtazama baba, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, kofia mkononi, akiizungusha, akiizungusha.

Mimi nilidhani amekasirika. Alikuja akachuchumaa mbele yangu, karibu sana, uso wake kiganja kimoja kutoka wangu.

"Huyo mtoto wa jicho si wewe, mama," akasema. "Ni wangu. Ninaye mimi."

Kisha akainuka, akaenda akakaa kwenye kile kiti cha kupimiwa bila kuambiwa.

Jicho lake la kulia halikuona tena ila mwanga. La kushoto lilikuwa njiani. Mtaalamu alimwuliza anafanya kazi gani, naye akajibu kwa sauti ndogo. Yule mtaalamu akaweka kalamu chini akasema, "Ufunguo wa gari mpe mkeo sasa hivi." Baba akautoa mfukoni, akampa. Ofisini wakatuma dereva mwingine kulifuata gari. Sisi tulirudi na basi, baba akiwa kiti cha dirishani, akitazama nje kana kwamba kuna anachokiona.

Alipangiwa upasuaji baada ya majuma matatu. Yalikuwa majuma marefu kuliko mwaka. Baba asiyekwenda kazini alizunguka uwanja wetu toka asubuhi, akigusa ukuta, akigusa mti, akirudi. Siku ya pili tu alimwomba mama aandamane naye, wakaipeleka bunduki polisi pamoja na kibali chake, akaikabidhi. Sahani za chuma alizirudisha kwa Fundi Mrisho. Waliporudi nilimsikia mama akimwambia, bila hasira, "Uliweza kuniambia," naye akasema, "Ningekuambia ungenipeleka."

Mama ndiye aliyenieleza, tukichambua mboga. Babu yangu, baba yake baba, alipata ugonjwa huohuo. Mtu mmoja aliyepita kijijini akiwatibu watu alimchokoa macho kwa kitu chenye ncha, akamhakikishia ataona kufikia mavuno. Hakuona tena. Miaka sita ilipita babu akiongozwa kwa fimbo, na aliyeshika ncha ya mbele ya fimbo hiyo, kwenda shambani, kwenda kanisani, kwenda haja, alikuwa baba. Aliachishwa shule kwa ajili hiyo. "Ndiyo maana baba yako hawezi kukaa," mama akasema. "Alikuwa mtoto anayesubiri kuitwa."

Nililitafakari hilo bila kulimaliza. Sijalimaliza hata leo. Najua tu kwamba kila Jumamosi baba alikuwa anashuka korongoni kujipima, anasogea hatua tano, anajiambia bado, anasogea tano nyingine, anajiambia bado. Ile bunduki ndiyo pekee iliyokuwa inamwambia kweli, na ndiyo iliyomtuliza, na ndiyo iliyonipiga mimi. Sijui mtu anapimaje vitu hivyo vitatu kwenye mizani moja akamwambia mwenzake nunua au usinunue.

Asubuhi aliyofunguliwa bandeji ya jicho la kwanza, tulikuwa Mvumi tena, mama na mimi, tumekaa kwenye benchi wodini. Muuguzi aliikata plasta taratibu, akamfuta, akamwambia afumbue. Baba alifumbua, akafumba, akafumbua. Muuguzi akainua vidole.

"Vingapi?"

"Vitatu."

"Na sasa?"

"Kimoja. Na una pete."

Mama akacheka huku machozi yanamtoka. Baba hakumtazama yeye kwanza, wala dirisha, wala mikono yake. Alinitafuta mimi. Akaniita kwa kidole, nikasogea hadi kitandani, akanishika kidevu akaugeuza uso wangu kuelekea kwenye mwanga. Kovu lilikuwa bado jekundu, limevimba, na alama za nyuzi upande huu na huu. Kwa majuma yote yale aliambiwa limebaki mkwaruzo tu, na mimi mwenyewe nilikuwa nimemwambia haliumi. Sasa alikuwa analiona. Alilitazama muda mrefu sana. Kidole gumba chake kilipita chini yake bila kuligusa.

"Mama," akasema, chini sana, "nisamehe."

Kwetu baba hamwambii mtoto neno hilo. Sikuwahi kulisikia kwa baba wa mtu yeyote, na hakuna aliyekuwa amenifundisha mtoto anajibu nini. Nililitafuta jibu haraka, kama unavyotafuta daftari mwalimu akiwa amesimama juu yako. Nikakumbuka neno ambalo watu wakubwa hulisema wanapopewa heshima.

"Marahaba," nikamwambia.

Muuguzi aligeuka akajifunika mdomo. Baba hakucheka. Aliinamisha kichwa chake mbele yangu, taratibu, akakiacha pale, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuinuka kwenda kuangalia kitu.